Taa za Dona Eugénia

"Kanyaga."

Taa mbili nyekundu nyuma ya gari zikawaka.

"Acha."

Hazikuzimika. Fundi Tuaibo akahesabu moyoni hadi saba, na bado zinamkodolea macho. Akazunguka hadi dirishani. Alipofika, mguu wa dona Eugénia ulikuwa umeshatua sakafuni. Akarudi nyuma, akakuta zimezimika.

"Zinachelewa," akasema peke yake. "Kama wenye gari."

Gari lilikuwa la serikali, na dona Eugénia alikuwa ofisa aliyeletwa Palma kutoka Maputo, wiki ya tatu hiyo. Kiswahili hajui. Kireno cha Tuaibo kiliishia kwenye salamu. Hata hilo "kanyaga" alimfundisha kwa kupiga mguu chini. Asubuhi taa za breki zilikuwa haziwaki kabisa. Akabadilisha fyuzi, zikawaka. Sasa kuzimika ndiyo hazitaki.

Zamani gari bovu lilikwenda popote. Tangu wakubwa waambiwe kuna gesi baharini, njia ya kitongojini kwao Tuaibo imewekwa geti, na mlinzi wake hapitishi gari lenye taa mbovu. Kuchukua mashamba ya watu hakuna geti.

Na huko kitongojini ndiko kulikokuwa na mkutano, saa nane mchana. Kaburi ambalo jina la mwenyewe litasomwa kwenye orodha mbele ya watu litazungushiwa ua. Lisilosomwa litapitiwa na tingatinga. Orodha ya zamani ilimsahau Nuria, mkewe Tuaibo. Orodha mpya alikuwa nayo dona, na jina la Nuria karani alilitia jana, mstari wa mwisho. Karatasi bila mwenye cheo wake haisomwi. Nuria alikufa akisubiri gari la wagonjwa la serikali hiyo hiyo. Leo kaburini nako analisubiri.

Tuaibo akajiingiza chini ya usukani, akafungua swichi ya breki, akaisugua msasa, akairudisha.

"Kanyaga."

Zikawaka.

"Acha."

Kwenye kioo akamwona dona anakunja uso. "Asho..." dona akajibu polepole. Taa zikabaki vile vile.

Neno jepesi hivyo hawezi kulitamka, Tuaibo akawaza, na ndiye wamemleta kututawala.

Akabadilisha springi ya pedali. Akaisogeza swichi upana wa unywele. Angepata mtu wa kusimama nyuma, angekanyaga mwenyewe; lakini mtaa mzima ulikwishakwenda mkutanoni kwa miguu.

"Kanyaga. Acha. Acha, dona."

"Asho... asho..." Dona akatikisa kichwa, akatazama juu kama mwanafunzi aliyeulizwa hesabu.

Saa nane ikapita. Tuaibo akaapa kwamba ubovu uko kwenye waya, akaufuata kutoka mbele hadi nyuma, akaukata mahali pawili na kuuunga upya. Jasho likamwingia machoni. Adhana ya alasiri ikamkuta ameing'oa swichi mara ya nne. Taa zikawaka vizuri, zikachelewa vile vile.

Jua lilikuwa limeanza kushuka Zubeida alipotokea, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi. Zubeida ni mdogo wake Nuria, mwalimu wa shule ya msingi.

"Shemeji, mkutano umekwisha," akasema. "Wamesoma ile ya zamani. Dada hayumo. Wameshatia saini."

Tuaibo akatupa koleo chini.

"Tumewangoja mpaka tumechoka. Mlikuwa wapi?"

"Muulize mwenye gari. Serikali gani hii, hata taa zake haziachii? Kutwa nzima nimelala chini ya gari lake, na yeye kakaa tu anatazama angani."

Zubeida akainama dirishani. Wakasemezana Kireno, dona akieleza kwa mikono miwili, mara akionyesha pedali, mara akijishika kifua. Zubeida alipoinuka hakumtazama shemeji yake usoni.

"Gari lilipona tangu asubuhi."

"Lilipona vipi? Nikimwambia aache, taa..."

"Shemeji, kwa Kireno 'acha' ni kumuuliza mtu anaonaje, na 'asho' ni 'naona'. Anasema kutwa nzima umemuuliza anaonaje, naye alikuwa akikanyaga huku anafikiri, maana hakutaka kukujibu ovyo."