Sauti Ndani ya Folda

Mjukuu wangu wa kike, fundi wa programu za kompyuta, alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe.

"Nafagia takataka tu, Bibi. Mafaili niliyoyaandikisha kwenye orodha ya folda hayaguswi. Yasiyoandikishwa yanafutwa, hayarudi tena."

Nikachanganyikiwa. Si yeye aliyejisifu kwamba folda hii ya kazi haipotezi kitu? Ndiyo maana jana, simu yangu ilipokuwa inakata roho, nilihamishia humo sauti ya marehemu babu yake akiimba. Sina nyingine. Mambo ya kuandikisha sikuambiwa.

"Kitendawili," nikasema, labda kwa njia hiyo nitaelewa.

"Tega upesi, mke mwenzangu."

"Mgeni kalala ndani, mwenye nyumba hana habari, na mfagio umeshashikwa. Je, mgeni atabaki?"

"Habaki," akacheka, akabonyeza.

Mstari mmoja ukatokea kwenye kioo: jina la faili lililofutwa. Akausoma, akausoma tena. Kidole kilikuwa bado kwenye kitufe, ukucha wake umetafunwa hadi nyamani.

"Bibi, hii 'babu anaimba' uliiweka wewe?"

"Mimi, mwanangu. Haya, ifungue tuisikie."

Hakuinua uso.