Perege Kumi na Wawili wa Mdiria

Bisha ukitaka, lakini Mdiria alivua perege kumi na wawili kabla Korongo hajalowesha mdomo. Siku hiyo walikuwa wakishindania ukingo wa bwawa: mwenye samaki wazito abaki, mwenzake ahame kabla jua halijazama. Na mke wa Mdiria alikuwa ameatamia mayai manne kwenye shimo la ukingo huohuo.

Mdiria, kwa mbwembwe zake, kila aliyemnasa alimbamiza kwenye tawi, pa! pa!, vyura wakishangilia.

"We miguu mirefu, umekuja kuvua au kunawa?" alimtania Korongo.

Jioni Korongo alimpelekea Kaa, mwamuzi wao, perege mmoja tu, mwembamba, anatapatapa.

"Wako wote maiti, bwana mkubwa," Kaa alimwambia Mdiria. "Hapa tunapima walio hai, kisha tunawarudisha majini."

Mdiria na mkewe wakahama. Mayai hayahami; Kenge akayanywa yote manne.

"Wametuonea, mke wangu," Mdiria alisema. "Sheria yenyewe wameitunga jioni hiihii."

Mkewe alikuwa bado amejikunyata vilevile, kama aliyeatamia. Mdiria alishindwa kumtazama.

"Waliitangaza asubuhi," akasema hatimaye. "Niliikumbuka nikiwa na yule wa kumi na mbili mdomoni. Alikuwa mzima, tena mnene kuliko wa Korongo. Angetosha. Lakini vyura walikuwa wananitazama, nikambamiza."