Ipi Inasikika Mbali

Muuza bunduki alimwekea Mzee Chambuso risasi mbili juu ya meza. "Hii ya milimita tisa haisumbui mkono. Hii nene, mzee wangu, mwizi haamki."

Mzee alizipima kiganjani. Mwezi huu wezi wamemvunjia mlango mara mbili, na kituo cha polisi cha mtaani wakubwa wamekifunga. Wao wanalala na askari getini.

"Ipi inasikika mbali?" aliuliza.

"Unataka kujilinda au kutangaza harusi?"

"Nataka watu waje. Marehemu mke wangu, Mwanahawa, alikuwa akipiga yowe moja tu, mtaa mzima unatoka, huyu na mchi, yule na mwiko wa ugali bado unafuka moshi. Mwizi mwenyewe anaomba apelekwe polisi."

"Mlio wa bunduki wakiusikia, baba, watajifungia ndani."

Mzee alizirudisha risasi mezani, akaenda kusimama mlangoni mwa duka. Akakinga kiganja kando ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya mkewe, akavuta pumzi, akapiga yowe.

Lilitoka likikwaruza. Ng'ambo ya barabara, mwanamke mmoja alitua ndoo yake ya maji, akageuka.