Mpaka Mwaka Gani

Kila baada ya miaka mitano Mpango wa Usafiri wa jiji hupitiwa upya, na kila kaya hutaja safari itakazofanya kwa miaka thelathini ijayo. Safari isiyotajwa haipo. Lango la stesheni halikufungukii, ulie usilie.

Mara iliyopita Siwema aliacha wazi sehemu moja tu, ile iliyouliza ataenda Mlandizi kwa mama yake mpaka mwaka gani. Kujibu kulikuwa ni kutaja mwaka wa kumzika, na mtu hamchurii mzazi wake. Mpango ukaelewa kwamba hataki kwenda. Hajamwona mama tangu siku hiyo.

Leo karani wa Mpango amekaa sebuleni kwake, kishikwambi mapajani. Mama anasikiliza kwenye simu.

"Andika miaka yote thelathini," Siwema alimsihi karani.

"Bibi ana themanini na mbili, dada. Itakataliwa. Kiti hakitengwi bure."

"Andika miwili, mwanangu," mama alisema, sauti imemwisha. "Uchuro huo nimeubeba mimi. Nataka nikuone."

Siwema akakichukua kishikwambi, akaandika minne. Kishikwambi kikawaka kijani. Chini ya safari zake ukatokea mstari ambao hakuuandika yeye: *Maziko, Mlandizi. Viti sita. Januari, mwaka wa tano.*

"Wamekubali?" mama aliuliza.

"Wamekubali, mama."

"Mpaka lini?"

Siwema alikilaza kishikwambi kifudifudi juu ya meza.

"Hawakusema, mama."