Nambari Inayopanda

Nambari ya kumbukumbu iliyotumika ilipanda tena, na Nabalayo, fundi wa mfumo, akasogeza kiti karibu na skrini.

Mashine ya zahanati iliyogawa mtandao ilikwama kila siku ya tatu, na majibu ya damu ya wajawazito yakakwama nayo. Muuguzi mkuu alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha kufuma, maana barua ya Nabalayo ilisema tatizo ni vumbi la hapo Kiplombe na uzembe wa muuguzi mwenyewe. Ikikwama tena, muuguzi angehamishwa.

"Napanguza asubuhi na jioni, kama ulivyoandika," alisema muuguzi. "Hata kitanda changu hakipati heshima hiyo."

"Nakusikia, Mama. Hebu unganisha simu yako na mtandao wa mashine hii, lakini ukosee neno la siri makusudi."

Akakosea, nambari ikapanda. Alipopatia, ikatulia.

Nabalayo akainama. Kila simu iliyobisha hodi mtandaoni ilitengewa sehemu ya kumbukumbu ya mashine. Iliyokubaliwa iliirudisha ilipoondoka, lakini iliyokataliwa haikuirudisha kamwe. Akapekua msimbo wa mtandao ndani ya mfumo endeshi, mstari kwa mstari, hadi mahali palipokosa amri ya kurudisha. Akaiandika, akaiwasha mashine upya.

Muuguzi akakosea mara kumi. Nambari haikutikisika.

"Kwa hiyo si vumbi."

"Si vumbi, Mama."

"Na aliyeisahau hiyo amri, anajulikana?"

Mfumo ulihifadhi jina la mwandishi wa kila mstari. Nabalayo akalifungua, akakuta jina lake mwenyewe.

Akaigeuza skrini taratibu, ikamwelekea muuguzi.