Mhusika wa Wifi

Katika mchezo wa Jumamosi kanuni ilikuwa moja: asiyefika, mhusika wake huchezwa na anayeketi karibu naye, na siku akirudi kuvaa kofia ya mchezo, iliyounganisha akili ya mchezaji na mhusika wake, yote aliyotenda mhusika humwingia akilini kama kumbukumbu zake mwenyewe.

Mkunde alikosa siku moja tu, alipokwenda kumzika mama yake. Wifi yake Nakijwa akamfanya mhusika wake acheke kwenye msiba wa mchezoni.

"Ulikuwa mzaha tu, wifi," Nakijwa alisema baadaye. Lakini tangu hapo Mkunde hakuweza kulikumbuka kaburi la mama bila kicheko chake mwenyewe.

Alingoja miaka miwili. Nakijwa alipolazwa kujifungua, Mkunde akamcheza mhusika wake. Akampa mhusika huyo mtoto mchanga, akampeleka naye mtoni, akamrudisha mikono mitupu.

Nakijwa alirudi mchezoni na mwanawe mgongoni, akavaa kofia. Aliitazama mikono yake. Kisha akamfungua mtoto, akamweka mapajani mwa Mkunde.

"Mshike wewe, wifi. Mikono yangu siiamini tena."

Mkunde alimpokea. Furaha aliyoingojea ilimjia kweli. Kisha mtoto akaanza kulia, na mama yake, aliyekwisha kuelekea mlangoni, hakugeuka.