Mstari wa Kuchorwa

"Hebu ligeuze hilo fuvu," profesa alisema akitazama skrini, "tuuone mstari wako kwa nyuma."

Kidole cha mtahiniwa, aliyekuwa akitetea tasnifu yake, kiliganda juu ya kipanya.

Programu yake ilitakiwa kutafuta njia fupi kuliko zote juu ya fuvu lile la kompyuta, kutoka sikio hadi sikio. Lakini ilijua kufuata kingo za pembetatu ndogondogo zilizoliunda tu, na mstari wake ukapinda-pinda kama mlevi anayetafuta kwao. Asubuhi, maji yalipomfika shingoni, aliuficha mstari ule, akachora mwingine kwa mkono juu ya picha, laini kama uzi.

"Geuza tu, mwanangu," mama yake alimhimiza kutoka viti vya nyuma. "Usiwaogope."

Akageuza. Fuvu likazunguka taratibu. Mstari ukabaki palepale, ukining'inia hewani, haugusi mfupa wowote.

Profesa alivua miwani. Mtahiniwa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kule nyuma mama yake alisimama, akapiga makofi peke yake.

"Mnauona?" aliwauliza waliokaa jirani. "Wa mwanangu unaelea wenyewe, hata haushikiliwi!"